Nilivyotumwa Kujichunguza Mwenyewe

Sehemu ya nne

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nakusimulia kwa kifupi.

Naitwa Abeli. Nimezaliwa Chamwino, nimepanga Ipagala, na nauza vitabu vya mitumba kando ya soko la Majengo, hapa Dodoma. Ninavyouza zaidi ni riwaya za kijasusi, zile ambazo jasusi anafukuzwa na risasi sura nzima, halafu sura inayofuata anafukuzwa na mwanamke mrembo. Pale kijiweni hakuna anayeniita Abeli. Wananiita Profesa, kwa sababu nasoma kila ninachouza, na wakati mwingine nakataa kukiuza mpaka nikimalize.

Nampenda Devota, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Mzee Silvano wa Miyuji. Posa nimeshapeleka. Aliyeipeleka ni mshenga wangu, Mzee Obedi, mzee wa kanisa, mtu ambaye akikohoa tu kwaya inanyamaza. Alimwambia Mzee Silvano kuna kijana anaitwa Abeli, mfanyabiashara, anaomba kuoa. Mzee Silvano akasema amesikia, atajibu.

Kwa taratibu zetu ukishapeleka posa unakaa mbali. Hupiti hata barabara ya kwa wakwe. Ukiwa na neno, unampa mshenga, mshenga analipeleka.

Sasa balaa lenyewe. Mzee Silvano, dereva mstaafu wa wizara, ni mlevi wa riwaya za kijasusi kuliko mimi. Akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja limefunikwa, la pili bado lina ukungu, linasubiri zamu yake. Daktari akamkataza kusoma, na yeye alikuwa ameachia riwaya patamu. Akatuma watu sokoni: aitwe yule Profesa wa vitabu, aje kunisomea jioni.

Hakujua Profesa na Abeli ni mtu mmoja. Mke wake naye alikuwa hajawahi kuniona.

Mtu mwenye akili angesema anaumwa. Mimi nikapiga pasi shati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbukwa, Profesa," akaongeza salamu ya Kigogo. "Kaa upande huu, huku jicho linaona kivuli."

Nikakaa. Mama Devota alikuwa pembeni na ungo wake, anamenya karanga. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuniangalia sana. Devota alichungulia dirisha la jikoni, akaniona nimekaa kwa baba yake, akajificha na kanga mdomoni. Hakunisaidia kwa lolote. Alikuwa anacheka.

Riwaya yenyewe iliitwa *Mwanamke wa Behewa la Tatu*. Jalada lina treni, bastola na mguu wa mwanamke. Ndani kuna jasusi anaitwa Luteni Ndago, anasafiri na nyaraka za siri, na kuna Rozalia, ambaye hatujui kama anampenda Luteni au anataka kumuua. Pengine vyote viwili.

Nilianza vizuri. Risasi zikalia, watu wakaruka juu ya mabehewa, Mzee Silvano akawa anashika mkono wa kiti kama vile bado anaendesha gari la waziri.

Halafu Rozalia akafunga mlango wa behewa kwa ndani.

Msomaji mzoefu macho yake hutangulia mdomo kwa mstari mmoja au miwili. Macho yangu yakatangulia. Yakaona mlango ulifungwa kwa sababu gani.

Ndugu msomaji, labda wewe kwenu mnaongea. Kwetu, mbele ya baba mkwe hata neno kitanda unalizunguka. Unasema pale pa kulala. Na hapo kitandani kwa Rozalia palikuwa na kurasa nne, tena za maandishi madogo.

"Mbona umenyamaza?"

"Vumbi, baba. Limeingia kwenye ukurasa."

"Soma na vumbi lake."

Nikafunua kurasa nne kwa mpigo.

"Rozalia akafunga mlango," nikasoma, "wakakaa, wakajadili mambo ya kazi."

"Mambo ya kazi."

"Ndiyo, baba. Mpaka asubuhi."

Mzee Silvano akatikisa kichwa taratibu. "Watumishi wa zamani walikuwa wanajituma."

Mama Devota alipaliwa na karanga. Mimi nilidhani ni karanga.

Siku hiyo nikaondoka nikijiona bingwa. Kumbe mwandishi yule alikuwa mjanja. Siri zake zote alizificha kwenye zile kurasa za mlango kufungwa. Ukiruka mapenzi, unaruka na ujasusi.

Jioni iliyofuata nikafika pale Luteni Ndago anamnyooshea Rozalia bastola na kumwambia, najua wewe ni adui, una kovu la moto chini ya mgongo.

"Simama hapo," akasema Mzee Silvano. "Chini ya mgongo?"

"Ndiyo, baba."

"Alilionaje?"

Nikatazama kitabu. Kitabu kilinitazama. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa zile nne, wazi kabisa, lenye maelezo ya kutosha.

"Aliambiwa, baba."

"Na nani?"

"Na… fundi cherehani."

"Fundi gani tena?"

"Yule aliyemshonea Rozalia gauni. Alipokuwa anampima akaliona. Akamwambia Luteni."

Mzee akaegemea nyuma. Nikasema basi, nimekwisha. Lakini uso ukamchangamka.

"Nilijua," akasema. "Nilijua lazima kuna mtu. Huyo fundi si mtu wa kawaida. Fundi gani anapima watu kwenye treni? Huyo ni jasusi mkubwa kuliko wote."

Kuanzia hapo nikawa na kazi mbili. Ya kusoma, na ya kumlisha huyo fundi. Kila jioni swali la kwanza lilikuwa, "Fundi yuko wapi leo?" Nikawa nambuni barabarani nikiwa natembea. Leo anashona vifungo vyenye redio ndani. Kesho anamtoroka polisi kwa kuvaa gauni la harusi. Luteni Ndago mwenyewe akawa kama msaidizi wake. Rozalia ndiyo kabisa, amebaki kujadili kazi.

Mzee alinipenda. Akaamuru nisiondoke bila kula. Wakaleta ugali wa uwele na mlenda, Mama Devota amekaa palepale. Wewe unaujua mlenda. Unauchota, unavutika, unakufuata mpaka mdomoni kama uzi wa yule fundi. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, na mimi nipo pale nahangaika na kamba za mlenda kidevuni, nasema nimeshiba, nao wanasema kijana ana adabu.

Devota alinifuata kijiweni kesho yake, katoka kazini na chaki kwenye vidole.

"Shikamoo, Profesa."

"Devota, niache."

"Baba jana kaota huyo fundi wako. Kaamka anamwambia mama, yule fundi ana mke Tabora."

"Hana mke."

"Sasa hivi anaye. Baba kashasema." Akaokota kitabu kimoja, akajipepea nacho. "Abeli, wewe unaoa au unaandika riwaya? Akikugundua unajua itakuwaje? Atasema umeingia kwake kwa jina lingine, umekaa na mke wake, ukala chakula chake, na posa ikiwa haijajibiwa. Hatataka hata kukusikia."

"Nikimaliza kitabu nasepa. Siku ya jibu nakuja kama Abeli, nimenyoa, nimevaa koti. Jicho lenyewe lina ukungu."

"Sauti yako je? Nayo utainyoa?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nurdini, anayeuza miwani ya jua jirani yangu, alikuwa amesikiliza yote huku anajifanya anafuta vioo. "Shemeji Devota," akasema, "huyu mtu siku ya ndoa padri akiuliza jina, tutasubiri mpaka ajikumbuke."

"Sisi si Wakatoliki," nikasema.

"Ona. Hilo tu ndilo lililokuuma."

Jioni ile nilikwenda nimeamua kumuua fundi cherehani. Nilipanga aanguke darajani, tumalizane. Ila kabla sijafungua kitabu, Mzee Silvano akamwambia mke wake akaangalie chai. Mama Devota akainuka na ungo wake, polepole, mwendo wa mtu anayeacha masikio nyuma.

"Profesa, sogea."

Nikasogea.

"Wewe ni kijana unayejua watu. Uko sokoni, kila mtu anapita kwako. Na nimekusikiliza, unaielewa kazi ya kijasusi."

"Kidogo, baba."

"Nina kazi. Isitoke hapa." Akashusha sauti. "Kuna mtu ameleta posa kwa binti yangu. Anaitwa Abeli. Anakaa Ipagala. Mshenga kaniambia mfanyabiashara, lakini siku hizi kila mtu mfanyabiashara, hata anayeuza maneno. Nataka kumjua kabla sijajibu. Anakunywa? Ana mwanamke mwingine? Kwao ni watu gani? Mimi macho sina. Nenda kanichunguzie."

Nikakifungua kitabu, nikakifunga.

"Huyo… Abeli."

"Unamjua?"

"Namsikia, baba."

"Basi mfuatilie. Akienda kulia, nenda kulia. Asijue kama unamfuata."

Nikaahidi. Kwa kweli hakuna siku nilimfuata mtu kwa karibu namna ile.

Nurdini aliposikia alikaa chini kabisa. Alipomaliza kucheka akanipa ushauri. "Jisifu. Nani mwingine atapata nafasi hii? Andaa ripoti, sema Abeli ni malaika, chukua mke."

Nikafanya hivyo. Nikamwambia Mzee Silvano: Abeli hanywi, havuti, anasali, anamheshimu mwenye nyumba, anatuma chakula kwa bibi yake Chamwino. Mengine yalikuwa kweli. Yaani kanisani naenda, sema kukiwa na mvua ndiyo huwa napata udhuru, na Dodoma bahati nzuri mvua si nyingi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa.

"Sijapenda."

"Kwa nini, baba?"

"Hana kosa. Umesoma riwaya ngapi, Profesa? Mtu asiye na kosa ndiye mwenye bastola. Huyo Abeli anaficha jambo."

Jamani.

Siku iliyofuata nikarudi na makosa. Nikasema Abeli anakoroma, majirani wanalalamika. Anachelewa kuamka. Anacheka hovyo msibani. Akiazima kitabu harudishi. Mzee akawa anaitikia, "Ehee. Ehee, hapo sawa," kama mtu anayekunwa mgongoni. Nikanogewa. Nikasema tena ni mwoga wa mbwa, na aliwahi kumkimbia mbuzi akidhani ni mbwa. Hilo ni kweli tupu, na Devota alikuwepo.

Dirishani kwa jikoni nikasikia sufuria imeanguka.

"Sasa namwona," akasema Mzee Silvano. "Huyu ni mtu. Mtu mwenye kasoro za kawaida namna hii naweza kumpa binti." Akanyoosha mkono akanipapasa bega. "Umefanya kazi kubwa. Kesho nimemwita mshenga wake, Mzee Obedi, aje kuchukua jibu. Na wewe uwepo, tumalizie kitabu."

Siku hiyo nilitembea mpaka Ipagala bila kugusa ardhi. Posa imekubaliwa, na aliyenitetea ni mimi.

Kesho yake nilivaa shati langu la mistari ya kijani, ndilo zuri kuliko yote. Nikapanga hivi: nisome sura ya mwisho haraka, niage, nipotee kabla Mzee Obedi hajafika. Profesa atahamia Singida, atapata msiba, lolote. Abeli ataanza maisha.

Nilipofika Mama Devota hakuwa na ungo. Alikuwa amekaa karibu na mume wake, mikono mapajani, kanga mpya.

"Kabla ya kusoma," akasema Mzee Silvano, "kuna ripoti ya pili."

"Ripoti ya pili, baba?"

"Jasusi mmoja hatoshi. Wewe mwenyewe umenisomea. Luteni alipotumwa, nyuma yake walimtuma na fundi cherehani."

Fundi cherehani. Mtu niliyemuumba kwa mdomo wangu.

"Nimemtuma mama yenu Ipagala asubuhi hii. Mama Devota, sema ulichokiona."

Mama Devota akajiweka sawa. Mwanamke yule, kwa utulivu aliokuwa nao, ukiniuliza mimi nchi ilipoteza jasusi.

"Nilienda na beseni la karanga," akasema. "Nikafika nyumba yenyewe, nikamuuliza mama mwenye nyumba, Abeli anakaa chumba gani. Akanionyesha. Mwenyewe hayupo, katoka. Dirisha lilikuwa wazi."

"Ukaona nini?" akauliza mume wake.

"Vitabu. Vimepangwa mpaka dirishani. Na mama mwenye nyumba alikuwa anacheka, anasema kijana leo kaamka kupiga pasi shati la mistari ya kijani, eti anakwenda kwa wakwe."

Nilishusha macho taratibu nikalitazama shati langu. Sikuweza kulivua.

"Kwa hiyo hukumwona," akasema Mzee.

"Nimemwona."

"Wapi?"

"Namwona."

Mzee Silvano aligeuza kichwa, lile jicho lenye ukungu likanitafuta.

"Yukoje?" akauliza polepole.

"Ana adabu," akasema Mama Devota. "Msomaji mzuri. Ila akifika pale Rozalia anapofunga mlango, anafunua kurasa nne kwa mkupuo. Nimekaa na karanga zangu jioni zote namhesabia."

Mzee Silvano akashika mkono wa kiti, kama siku ile ya risasi.

"Abeli," akasema.

"Naam, baba."

"Hakuna fundi cherehani?"

Kati ya maswali yote. Mtu nimeingia kwake kwa jina la uongo, nimejichunguza, nimejipa ripoti, na kilichomuuma ni fundi.

"Hayupo, baba. Nisamehe. Nilishindwa kusoma yale mengine mbele yako."

"Hata vifungo vya redio?"

"Hata vifungo, baba."

Akavuta pumzi. "Nilimpenda yule."

Nikapiga magoti bila kuambiwa. Mama Devota akageukia pembeni, mabega yakimtikisika, na kwa hakika hakuwa analia.

"Nipe kitabu," akasema Mzee. Nikampa. Akakipapasa, akanirudishia. "Fungua pale uliporuka. Ukinisomea, wewe ni Profesa, msomaji wangu, utakuja kila jioni na chakula utakula. Ukikataa, wewe ni Abeli, mkwe anayeomba, na mkwe hakai hapa. Chagua leo wewe ni nani."

Nilikifungua. Maandishi madogo yaleyale. Rozalia na mkono wake kwenye komeo. Nikatazama jikoni. Devota alikuwa amesimama mlangoni sasa, hacheki tena, ameshikilia kizingiti. Macho yake yalikuwa yananiambia kitu kimoja tu.

Nikakifunga.

"Mimi ni Abeli, baba."

"Heshima unayo," akasema Mzee Silvano. "Hilo nimelipenda. Lakini umeninyima kitabu changu. Jibu la posa nitalitoa siku nitakayojua Rozalia ni nani, kurasa zote, bila fundi. Wewe huwezi kunisomea, ni mkwe. Devota hawezi, ni mwanangu."

"Mimi usinitazame," akasema Mama Devota.

"Sikutazami, sioni."

Hodi ikapigwa. Mzee Obedi huyo, koti jeusi, fimbo mkononi, Biblia kwapani, amekuja kuchukua jibu. Alinikuta nimepiga magoti kwenye ua ambamo hakupaswa kunikuta, na uso wake ukaniambia tutaongea baadaye.

Wakasalimiana. Akapewa kiti, akapewa maji. Mzee Silvano akamsimulia yote, kuanzia sokoni mpaka shati la kijani, na hakunisitiri hata kidogo. Halafu akauliza, kwa sauti ya upole sana:

"Mzee mwenzangu, maneno ya upande wa kijana, kwa taratibu zetu, yanapita kwa nani?"

"Kwa mshenga," akasema Mzee Obedi bila kusita. "Yote. Mazuri na magumu."

"Basi kuna maneno kijana wako alitakiwa kunifikishia, akashindwa. Yamo humo kwenye kitabu. Kurasa nne. Unisomee, nami nitoe jibu."

Mama Devota aliinuka, akamshika Devota mkono, wakapotelea ndani. Mlango haukufungwa vizuri. Uliachwa mwanya wa sikio moja, au mawili.

Mzee Obedi alidhani ni jambo dogo. Akaiweka Biblia juu ya stuli, akatoa miwani, akaifuta kwa leso, akakipokea kitabu kutoka kwangu. Alitazama jalada. Mguu ule. Akakohoa. Akafungua nilipomwonyesha, akaanza na mstari wa kwanza kimoyomoyo, kama anavyofanya kabla ya kusoma somo kanisani.

Akashuka wa pili. Wa tatu akaurudia.

Akavua miwani, akanitazama mimi, akamtazama mwenzake, akakishusha kitabu taratibu mpaka kikagusa magoti.

"Silvano," akasema, "posa ikishaletwa, mshenga anaruhusiwa kuondoka nayo?"